Bi Tanzia Aingia Matangani Kwake

Tulimwacha Ruqaya binti Hamoud jikoni kwa shoga yake Mwanakhamis, huko Jambiani, ameshika simu isiyo yake, anaisikiliza Redio Mkunazi ikitangaza kifo chake mwenyewe.

Bado ameishika. Tangazo limekwisha, sasa yanatangazwa magodoro, na yeye hata macho hajapepesa.

"Innalillahi," alisema Mwanakhamis, kisha akajiziba mdomo. "Astaghfirullah! Nnasema nini mie? Si upo hapa mbele yangu?"

"Nipo."

"Basi ni ile mashine yao. Ile kompyuta waliyoifundisha sauti yako ulipochukua likizo. Imechanganya majina."

Ruqaya akatikisa kichwa. Mashine ile ilisoma tanzia za watu vizuri, tena bila kuchoka, lakini mashine haimezi mate. Huyu aliyesoma leo alisema "marehemu," akanyamaza, akameza mate, ndipo akalitaja jina. Ruqaya alimjua. Ni yeye mwenyewe, peke yake studio, mlango umefungwa, mwezi wa Shaaban. Na alikuwa na yakini kwamba kile kipande alikifuta.

"Si mashine, Mwanakhamis. Ni mie."

"Weye? Ukatangaza kifo chako? Kwa nini?"

Nyinyi mnataka jibu, na mimi nalitaka. Lakini kwanza niwape mkono wageni, maana wapo walionunua gazeti leo kwa ajili ya kufungia samaki, macho yakawaponyoka.

Ruqaya ndiye msomaji wa matangazo ya vifo wa Redio Mkunazi. Miaka nenda miaka rudi, akianza tu "kwa masikitiko makubwa," Unguja nzima iliacha ilichokuwa ikifanya. Kisha vijana wakaikata ile sauti, wakaibandika kwenye timu iliyofungwa, kwenye wali ulioungua, kwenye kipara cha bwana harusi. Wakampa jina, Bi Tanzia. Mkurugenzi wake, Shamsi, akanusa pesa, akamsomesha matangazo ya biashara: "Kwa masikitiko makubwa tunawatangazia kifo cha bei ghali za magodoro." Watu wakacheka hadi Tanga. Na tangu hapo mwanamke huyu hakuweza kuuliza muhogo sokoni bila muuzaji kuwaita wenzake waje wasikie.

Akawa halali usingizi. Akawa hali chakula. Alipojaribu kusema, aliambiwa ashukuru, wangapi wanautafuta umaarufu huo hawaupati. Mwishowe aliwadanganya wa kwao kwamba anakwenda harusini Pemba, akazima simu, akaja kujificha Jambiani. Nanyi mlioniandikia wiki nzima kwamba ana jini, nimezisoma barua zenu zote na bado nina hasira nazo.

Tuendelee. Ruqaya alimpigia mdogo wake.

"Bashira? Bashira, ni mie, dada yako. Sikufa."

Nyuma ya simu wanawake walikuwa wanalia.

"Nani weye?"

"Ruqaya."

"Mungu akulaani! Dada yangu hata hajazikwa, mnamfanyia stihizai na sauti yake! Tangu asubuhi weye wa ngapi?"

"Bashira, nsikilize..."

"Huna mama weye?"

Simu ikakatwa. Alipiga tena, safari hii akapokea ami yake, Haroub, akatoa tusi ambalo mhariri wangu hawezi kulipitisha. Mara ya tatu hakupokea mtu.

Hebu oneni mambo. Hakuna sauti inayojulikana kisiwani kuliko hii, na siku mwenyewe alipoihitaji imtolee ushahidi kwamba yu hai, ikawa kila mtoto anayo kwenye simu yake na hakuna anayeiamini.

"Vaa buibui," alisema Mwanakhamis, na tayari alikuwa anatafuta funguo za kigari chake, kile anachosombea mwani. "Nakupeleka mjini. Watakuona kwa macho."

Wakapita Paje. Hapo Mwanakhamis akashindwa kuvumilia.

"Hujanijibu. Kwa nini ulisoma?"

"Ntasema nkifika. Nataka niseme mara moja tu, kwetu wote wakiwepo. Mara mbili siwezi."

"Halafu?"

"Halafu mmoja wao aseme, twende tukakupeleke kwa daktari. Sitaki kitu chengine."

"Daktari mie ntakupeleka! Nnageuza gari sasa hivi."

"Weye shoga yangu, Mwanakhamis. Ukinipeleka weye watakuja kunitoa siku ya pili, waseme umenitia wazimu. Nataka mtu wa kwetu. Mmoja tu."

Basi hilo ndilo lililokuwa linakwenda mjini ndani ya kigari kinachonuka mwani. Mengine yote mtakayoyasoma leo ni kelele.

Na kelele zilikuwapo. Nyumba ya kina Ruqaya pale Mkunazini ilikuwa imejaa mpaka uchochoroni. Mabenchi yametolewa, wanaume wamekaa barazani, wanawake wako ukumbini na juzuu zao wanasoma hitma, masufuria ya wali yako uani. Lilikosekana jambo moja, nalo ni maiti. Wanaume walidhani yuko hospitali. Wanawake walidhani boti inamleta kutoka Pemba. Kule Mwanakwerekwe waliochimba kaburi walidhani wamechelewa. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu kwetu redio ikishasema fulani kafa, suali linalobaki ni anazikwa saa ngapi.

"Assalaam alaykum," alisema Ruqaya mlangoni, akafunua uso.

Nusu ya baraza iliitikia kabla ya kutazama. Nusu nyingine ilitazama, ikashindwa kuitikia. Bwana mmoja mnene aliruka benchi akakimbilia upande wa Kiponda na hakurudi tena hata kuchukua viatu. Ndani wanawake walipiga ukelele mmoja mrefu.

Kisha mtu akacheka.

"Bi Tanzia! Wallahi katuweza!"

"Katuweza! Mie nlikwisha kulia, yakhe!"

"Nlijua tu, nlijua ni kipindi!"

Wakasimama. Wakapiga makofi, matangani! Simu zikatoka mifukoni. Wa kwanza kumfikia alikuwa Shaima, binti wa shangazi yake, yule mpambaji wa maharusi ambaye wafuasi wake mtandaoni hawaenei uwanja wa Amani. Alimkumbatia kwa mkono mmoja, wa pili umeinua simu juu ya vichwa vyao.

"Da Ruqaya, sema neno moja tu kwa watu wangu!"

"Shaima, zima hiyo."

Shaima akacheka. Shaima hucheka wakati wote, ndiyo kazi yake. Lakini simu aliizima kweli, akabaki amemkodolea macho, mpaka watu wakamsukuma pembeni wapate nafasi zao.

"Jamani, si masihara," alisema Ruqaya.

Wakacheka.

"Wallahi sikufanya masihara!"

Wakacheka zaidi, maana alilisema kwa sauti ile ile ya redioni. Maskini, hana nyingine. Angefanyaje, aazime?

Bashira alitokea kwenye pazia la ukumbi, macho yamevimba, kanga ya msiba imemteleza begani. Alimtazama dada yake. Alimrukia akamkumbatia mpaka akamkosesha pumzi, akamwachia, akamzaba kofi.

"Nimekutukana kwenye simu," alisema, analia.

"Nlisikia."

"Njoo ndani."

Walijifungia chumba cha nyuma: Ruqaya, Bashira, Mwanakhamis, Ami Haroub ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, na Shangazi Ulfat, mama yake Shaima, ambaye hakuna mlango wa nyumba ile unaoweza kufungwa yeye akabaki nje.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Sijui hata kama nikuitikie. Hebu kaa hapa, nna suali."

Ruqaya akakaa. Njia nzima kutoka Jambiani alikuwa anayapanga maneno, na sasa mtu mzima wa kwao anamuuliza, tena wa kwanza kabisa.

"Niulize, shangazi."

"Kwa nini mie sikutajwa?"

Ruqaya hakufahamu.

"Kwenye tanzia!" Shangazi Ulfat alijipiga paja. "Masihara yako haya ulikaa ukayapanga, majina ukayachagua. Ukawataja watu wa Mangapwani, ambao mara ya mwisho kuingia nyumba hii walikuja kula. Ukamtaja mpaka mkwe wa marehemu kaka yako. Mie niliyekukosha matope udogoni, hata 'na wengineo' sikuwa!"

"Na mie," alisema Ami Haroub, "mbona nimekuja baada ya hao watu wa Mangapwani? Wananisikia mjini kote mkubwa wa ukoo natajwa kati kati!"

"Weye umetajwa, Haroub, nyamaza."

"Kutajwa kuna heshima yake!"

"Nimepigiwa simu na watu wa Uroa, wananiuliza, Bi Ulfat, kwani yule mtoto si wenu?"

Msicheke. Nyumba ngapi mjini humu hazisemezani kwa sababu jina liliachwa kwenye tanzia? Wengine mnaisoma hadithi hii mkiwa ndani ya nyumba hizo. Ila mimi nilitaka kuitupa kalamu. Mwanamke amejitangazia kifo, wazee wake wanagombea foleni.

"Nyamazeni!" Bashira alipiga mlango kwa kiganja. "Nyamazeni nyote! Dada, nani aliyelipeleka lile tangazo redioni?"

"Aliyelirusha simjui. Aliyesoma ni mie."

"Lini?"

"Shaaban. Nlimaliza za watu, nkafunga mlango, nkasoma na yangu. Nkaifuta. Nlidhani nimeifuta."

"Ulikuwa unajaribu kitu? Kipindi?"

"Nlikuwa nataka kufa, Bashira." Hakupandisha sauti wala hakuishusha. "Na nlikuwa sijui namna ya kuwaambieni. Kutwa kazi yangu ni kuwaambia watu kwamba fulani kafa. Namna nyengine siijui. Sasa kufa sitaki, lakini kulala silali, kula sili, na asubuhi nkiamka najuta kuamka. Naogopa nisije nkarudi kule. Nnaumwa."

Mwanakhamis alianza kulia kimya kimya. Bashira alikaa chini sakafuni.

Ami Haroub akajikohoza. "Jicho hilo. Hasadi. Mtoto anajulikana visiwa vyote, wataacha kumtia jicho?"

"Asomewe," alisema Shangazi Ulfat. "Tena mashekhe wamo humu humu, wamekwisha kuja kwa ajili ya hitma. Wasiondoke bure."

"Nsomewe, sikatai. Lakini mnipeleke na kwa daktari."

"Daktari gani?"

"Wa Kidongo Chekundu, hospitali ya akili."

"Shhh!" Ami Haroub aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Punguza sauti! Watu wa kina Hisham wamo ukumbini!"

Hisham ni mchumba wa Bashira. Mahari yamelipwa, ndoa ni mwisho wa mwezi, na mama yake alikuwa hatua chache kutoka pale, nyuma ya pazia, ameshika juzuu anamwombea marehemu aliye hai.

"Wakisikia nyumba hii ina mgonjwa wa Kidongo Chekundu, harusi hakuna," alisema Ami Haroub. "Wataulizana damu hii ikoje. Unamtakia mdogo wako hayo?"

Wote wakamtazama Bashira, na Ruqaya akamtazama. Alikuwa anasubiri sentensi moja fupi, hata kwa kunong'ona.

Bashira aliinamisha kichwa, akaanza kuvuta vuta nyuzi za mkeka.

Mimi nampenda Bashira, tangu hadithi hii ilipoanza nampenda, lakini pale nilitamani na yeye apigwe kofi.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Shamsi, mkurugenzi wa Redio Mkunazi, aliingia anatabasamu, simu mbili mkononi.

"Bi Tanzia! Mashaallah, umefika! Nlijua ukisikia utatokea tu. Unguja leo haina mazungumzo mengine!"

Ruqaya alisimama. "Ni weye uliyelirusha?"

"Ni mie."

"Nililifuta."

"Ulifuta pale juu, bibi wee. Mashine ina pahala pengine pa kuwekea. Nlilikuta humo muda tu, tangu kabla ya Ramadhani. Nkasema hii ntaiweka, siku moja itatufaa."

Bashira alinyanyua kichwa. "Ulilisikia tangu kabla ya Ramadhani?"

"Nlilisikia."

"Na hukumuuliza?"

Shamsi akamtazama, na nawaapia wasomaji wangu hakuwa anajifanya. Alishangaa kweli.

"Kumuuliza nini? Lilikuwa limesomwa vizuri."

Mwanakhamis alimwendea, Ami Haroub akamzuia. Shamsi alirudi nyuma kidogo lakini maneno hayakumwisha.

"Sasa sikilizeni. Hapa hapa tunaingia hewani, redioni wananingoja. Useme tu, mie Bi Tanzia nimefufuka, na kipindi changu kipya kinaanza Jumatatu. Basi! Watu wamekwisha kucheka, wamalizie."

"Hayo ndiyo maneno!" Ami Haroub alipumua kwa mara ya kwanza. "Masihara yamekwisha, aibu imepita, harusi ipo pale pale. Ruqaya, mwanangu, sema hivyo."

"Na wazee wako uwataje," aliongeza Shangazi Ulfat. "Wote."

Shamsi alibonyeza simu, akampa. Barazani watu wakafungulia redio kwa sauti ya juu. Ruqaya aliishika ile simu, akamtazama mdogo wake mara moja ya mwisho. Bashira alikuwa bado anavuta nyuzi za mkeka.

"Kwa masikitiko makubwa," alianza.

Baraza zima likaangua kicheko.

"Mimi Ruqaya binti Hamoud wa Mkunazini nawatangazia kwamba sikufa."

Kicheko kingine, na makofi.

"Lakini lile tangazo nililisoma mwenyewe, peke yangu. Na siku nilipolisoma nilikuwa nataka liwe kweli."

Walicheka na hapo pia, kwa mazoea. Kisha mmoja mmoja wakaacha.

"Mama yangu alipokuwa mgonjwa mliniomba nisizungumze chumbani kwake, asije akaisikia sauti hii akadhani amekwisha. Nikakaa pembeni ya kitanda chake bila kusema neno mpaka alipofariki. Halafu mkaniomba nisome tanzia yake, kwa sababu hakuna anayesoma kama mimi. Nikasoma. Mkaniambia mashaallah. Tangu siku ile sijawa mzima. Mkinicheka naumwa, mkinisifu naumwa. Nataka kwenda Kidongo Chekundu kwa daktari, na nataka mtu wa kwetu anishike mkono. Na kama kuna mwengine anayenisikia..."

Shamsi akampokonya simu. Redioni ikapigwa kasida.

"Umetuua!" alisema Shamsi. "Umekiua kipindi!"

"Umemwua mdogo wako," alisema Ami Haroub, na mkono wake ulikuwa kichwani.

Bashira alisimama. Alijifunga kanga vizuri, akafungua mlango, akaelekea ukumbini kwa mama mkwe wake. Ruqaya alimtazama anavyokwenda. Alijua anakwenda kuomba radhi, kusema dada hayuko sawa sawa, msimsikilize. Hata hakumlaumu. Alikaa kitandani akaona uchovu wote wa mwaka mzima unamrudia pamoja.

Ndipo akaisikia sauti ya Bashira ukumbini.

"Bi mkubwa, kunradhi. Nyote kunradhini. Fungeni juzuu. Maiti hapa hakuna, kuna mgonjwa. Nnampeleka dada yangu hospitali sasa hivi, ile ile mnayoiogopa kuitaja. Anayetaka kuivunja harusi aivunje hapa hapa nikiwepo, nna haraka."

Mama yake Hisham alisema jambo kwa sauti ndogo, halikusikika chumbani. Na Ruqaya, aliyesoma vifo vya kisiwa kizima bila kudondosha chozi, akaangua kilio, akajifuta kwa ncha ya buibui na akaendelea kulia. Mwanakhamis alimshika mabega.

"Umempata mtu wako. Haya, inuka. Gari lipo."

Ningependa niishie hapo. Ningelala vizuri leo, nanyi mngelala. Lakini Ruqaya akafanya kitu kimoja kabla ya kuinuka. Alitoa simu yake mkobani, ile aliyoizima tangu alipokimbilia Jambiani, akaiwasha apige hospitali kusema anakuja. Haikumaliza hata kuwaka, ikaita. Nambari hakuijua.

"Naam?"

"Usikate." Ilikuwa sauti ya mwanamke, ananong'ona. "Nakuomba usikate. Nimekusikia redioni. Ulikuwa unasema kama kuna mwengine."

"Nakusikiliza, mwanangu."

"Na mie."

"Na weye nini?"

"Na mie kama weye. Watu wote wananijua na hakuna anayejua. Nimechoka, wallahi nimechoka. Nlikuwa nshakata shauri leo, nkakusikia weye."

Ruqaya alisimama. Kilio kilimkauka. "Uko wapi? Nambie ulipo. Nakuja hivi sasa, usifanye kitu chochote, mie nakuja."

Ikaja pumzi tu.

"Nambie ulipo, mpenzi. Uko mjini? Uko shamba?"

Ukumbini Bashira alipoteza subira na waliokuwa wanazidi kujazana mlangoni. "Tokeni, jamani!" alipiga kelele. "Tupisheni tupite!"

Ruqaya aliisikia kelele ile kwa sikio la kushoto, kupitia mlangoni. Na akaisikia kwa sikio la kulia, ndani ya simu, sauti ile ile, maneno yale yale.

Alimtazama Mwanakhamis. "Yumo humu," alisema. "Yumo ndani ya nyumba hii."

Alitoka mbio, simu sikioni. Ukumbini wanawake walikuwa wanakusanya viatu, hakuna aliyeshika simu. Uani wapishi. Akapanda ngazi. Chumba cha kwanza kitupu, cha pili kitupu. Mwisho wa ukumbi wa juu, mlango wa stoo ya magodoro ulikuwa umefungwa. Akausukuma. Umefungwa kwa ndani.

"Ni mie," alisema, na paji la uso wake liko kwenye mbao. "Nipo nje ya mlango. Sitokwenda hospitali bila weye, tutakwenda sote wawili. Nifungulie."

"Kwanza niahidi." Sauti sasa haikutoka kwenye simu, ilitoka nyuma ya mlango, na haikunong'ona tena. "Usimwambie mama."

Ngazi zilikuwa zinalia. Shangazi Ulfat alikuwa anapanda nyuma yake, anahema, amejaa hasira za aibu yote iliyomwagwa redioni, kidole kimeshanyanyuka tayari kusema.

Kidole kikabaki hewani. Aliutazama mlango, akamtazama Ruqaya.

"Ruqaya," alisema. "Mbona hiyo sauti ya Shaima?"